Nyumba ya mzee Buruburu: jirani anasema ni ya kaunti, kaka anataka gorofa, mama hataki kusikia

"Habari yako mtaalamu. Baba yetu alinunua nyumba Buruburu, Fezi 3, miaka ya sabini, akalipa HFCK, ile kampuni ya mikopo ya nyumba, polepole mpaka akamaliza. Aliaga mwaka juzi, mama bado anaishi pale na mjukuu mmoja. Sasa kaka yangu mkubwa amepata developa anayetaka kubomoa ajenge fleti za gorofa tano halafu tugawane, anasema si shida manake nusu ya koti, yaani nyumba zinazozunguka kiwanja kimoja na yetu, wameshajenga. Jirani naye anatuambia tusijisumbue, ati Buruburu ni ya kaunsili, lizi inaenda kuisha na kaunti itachukua nyumba zote kama ilivyofanya Pangani. Mama hataki hata kusikia neno kubomoa. Sisi tulizaliwa pale lakini kusema kweli hatujui mtaa wenyewe ulianza vipi. Ukweli ni upi, na tufanye nini?"

Dadangu, pole sana kwa mzee, na pole kwa hizi presha ambazo huja kabla watu hawajamaliza hata kuomboleza. Kazi yangu ni mipango ya miji na sehemu kubwa nimeifanyia Eastlands, huo upande wa mashariki wa Nairobi ambako Buruburu iko, kwa hivyo swali kama lako nalijua vizuri: mzee ameenda, mama amebaki kwa nyumba, mtoto mmoja amekutana na developa, na jirani ana habari zake za lizi. Wacha nianze na huyo jirani kwa sababu anawatia hofu bure, halafu tuje kwa hiyo gorofa tano, ambayo ndiyo inanitia hofu mimi.

Buruburu si Pangani. Eastlands kuna mitaa ya aina mbili, na ukipita na matatu ya Jogoo Road ni vigumu kuzitofautisha kwa macho. Kuna ile kaunsili ilijenga ikabaki nayo, kama Kaloleni, Ziwani, Bahati, Maringo na Jericho, ambayo watu wanalipa kodi kwa kaunti mpaka leo, na hata familia ikikaa hapo vizazi vitatu kwenye karatasi bado ni wapangaji. Pangani ilikuwa ya aina hiyo, Ngara na Jevanjee vilevile, ndiyo maana kaunti iliweza kuamua kubomoa na kujenga upya, nyumba zilikuwa zake. Buruburu ilijengwa tangu mwanzo iuzwe kwa watu. Mzee wenu hakuwa analipa kodi ya nyumba pale, alikuwa analipa mkopo wa kununua, na hiyo ni tofauti kubwa sana kisheria.

Kuelewa kwa nini iliuzwa lazima turudi nyuma, na nakuomba usome hii sehemu polepole kwa sababu baadaye tutairudia tukiongea juu ya nyufa za ukuta. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mji ulivyoanza kukua Wazungu wakachukua miinuko ya magharibi na kaskazini, Muthaiga, Lavington, Karen, huko udongo ni mwekundu na maji ya mvua yanateremka vizuri. Wahindi wakapata Ngara, Parklands, Eastleigh. Mwafrika akasukumwa mashariki, kwenye tambarare, juu ya ule udongo mweusi mafundi wanauita blakikotoni, na tena hakuhesabiwa kama mtu wa kuishi mjini, alihesabiwa kama kibarua ambaye akimaliza kazi atarudi kwao. Ndiyo unaona nyumba nyingi za zamani za Eastlands ni vyumba vidogo vya mwanamume mmoja mmoja na choo cha pamoja. Kuna mitaa ilijengwa vizuri zaidi, Kaloleni ya miaka ya 1940 ilikuwa na uwanja, ukumbi na nafasi ya watoto kucheza, na plani kuu ya jiji ya 1948 iliongea sana kuhusu mitaa yenye shule na maduka yake, lakini kumiliki nyumba, hapana, hiyo haikuwa kwenye hesabu.

Uhuru ukaja na watu wakaja na familia zao. Sensa ya 1969 ilihesabu watu 509,286 Nairobi, ile ya 1979 ikapata 827,775. Katikati ya hiyo miaka 10 kulikuwa na karani, mwalimu, nesi, mtu wa benki, mtu wa reli, wana mishahara ya kila mwezi lakini hawana nyumba ya kununua, manake Lavington hawawezi na Maringo haiuzwi. Hapo ndipo Buruburu inaingia. Serikali, City Council na shirika la maendeleo la Uingereza lililoitwa CDC waliungana, na upande wa mikopo kulikuwa na HFCK, ambayo yenyewe ilianzishwa 1965 na serikali pamoja na hao hao CDC. Mtaa ukajengwa kwa fezi tano, kuanzia mwanzo wa miaka ya 1970 hadi mwanzo wa miaka ya 1980, ukafika karibu nyumba 5,000. Kampuni ya Mutiso Menezes ilishiriki kuchora, na huyo Mutiso ni David Mutiso, yule msanifu aliyechora KICC, lile jumba la mikutano la katikati ya jiji, pamoja na Karl Henrik Nøstvik. Huwa natamani watu wa Buruburu wajue hiyo, kwamba nyumba zao zilipitia mikono ya watu waliokuwa wanachora sura ya nchi mpya.

Miaka hiyo hiyo kulikuwa na majaribio mengine karibu hapo. Umoja ilijengwa kwa pesa za Wamarekani, USAID, nyumba ndogo zaidi za watu wa mshahara mdogo. Dandora, kuanzia 1975, ilikuwa ya Benki ya Dunia, huko mtu alipewa ploti yenye maji na choo halafu anajijengea mwenyewe, ploti 6,000. Nakutajia hizi kwa sababu watu huzichanganya, wanasema "kama Umoja wamejenga gorofa saba na sisi tujenge", na kila mtaa ulianza na mpango wake tofauti na mabomba yake tofauti.

Buruburu walichora nyumba zikizunguka koti. Wewe ulilelewa hapo kwa hivyo unajua: unatoka Mumias Road au Rabai Road, unaingia kibarabara, kinaishia kwenye uwanja mdogo ambao nyumba zote zinautazama. Gari la mtu mgeni halina sababu ya kuingia, watoto wanacheza katikati na mama yeyote akiwa jikoni anawaona. Kuta ndefu hazikuwepo, kulikuwa na ua wa miti na geti fupi. Paa za vigae vyekundu, bustani kidogo mbele, uwanja nyuma. Hiyo nafasi ya katikati ya koti si ploti iliyosahaulika, na akija mtu siku moja na karatasi akisema ameuziwa, ni ya kupingwa mara moja na wakazi wote pamoja, ripoti ya tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha vile ardhi ya umma mjini iligawiwa watu kinyume cha sheria na viwanja vya mitaa vilikuwemo.

Sasa lizi. Ndiyo, nyumba za Buruburu ziko juu ya ardhi ya kukodi, hapo jirani amesema ukweli nusu. Lakini chukueni hati ya mzee muisome wenyewe, msitegemee maneno ya geti. Itaonyesha mwaka lizi ilianza, ni ya miaka mingapi, na aliyekodisha ni nani, serikali au kaunsili, hiyo ya mwisho ndiyo inawaambia kodi ya ardhi inalipwa wapi (rates, ule ushuru wa kaunti wa kila mwaka, ni kitu kingine, hizo mnalipa kwa vyovyote). Kama inasoma miaka 99 kuanzia tuseme 1975, basi mwisho ni 2074, na mjukuu anayeishi na mama atakuwa mtu mzima kabisa. Na hata lizi ikikaribia mwisho, Sheria ya Ardhi ya 2012 inampa Mkenya aliyekuwa nayo nafasi ya kwanza kuipata tena, isipokuwa kama serikali inaihitaji kwa matumizi ya umma. Kwa hivyo hofu ya kwamba asubuhi moja kaunti itakuja na tingatinga kuchukua Fezi 3 muiweke kando. Lizi inageuka kuwa shida ya kweli pale miaka imebaki michache na unataka kukopa au kuuza, benki haipendi lizi fupi.

Kuna kitu kwenye hati ambacho kinanisumbua zaidi ya lizi. Wazee wengi walimaliza mkopo, wakapewa barua ya pongezi na hati yao, wakafungia kabatini, lakini ile charge ya kampuni ya mkopo, yaani alama ya kwamba nyumba ni dhamana ya deni, haikuwahi kufutwa kwenye rejista ya ardhi. Rejista ya nyumba ina sehemu tatu, ya kwanza inaeleza mali, ya pili mwenyewe, ya tatu madeni na vizuizi, na ni hiyo ya tatu mtaangalia. Mkikuta jina la HFCK bado liko pale miaka yote hii haimaanishi mnadaiwa, inamaanisha kuna karatasi ya kufuta haikusajiliwa, na inarekebishika, ila ni afadhali mjue sasa kuliko kujua siku ya kuuza.

Haya, kaka yako anasema nusu ya koti wameshajenga. Ni kweli wamejenga, na kuna sababu. Mwaka 1983, mtaa ukiwa ndio tu umekamilika, City Council yenye madiwani ilivunjwa, jiji likaendeshwa na tume iliyoteuliwa mpaka uchaguzi wa 1992, na usimamizi wa ujenzi ukalegea sana. Halafu ikaja miaka ya tisini, serikali ikapunguza wafanyakazi, na hao waliopunguzwa ndio hasa wenye nyumba za Buruburu, mtu ana miaka 48, mshahara umekatika, watoto wako shule, kitu pekee alicho nacho ni nyumba na kauwanja ka nyuma. Akapanua SQ, ile nyumba ndogo ya nyuma ya mfanyakazi, akapangisha, akafungua duka mbele, saluni, nasari, wengine kanisa. Ujambazi nao ukazidi, wakazi wakaweka ukuta na geti kwa koti, askari wa usiku, na ile koti ya wazi ikawa boma. Siwalaumu hata kidogo. Hizo extension ndizo zilisomesha watoto wengi wa Eastlands na labda hata nyinyi.

Lakini "wamejenga" na "wameruhusiwa" hazifanani. Sheria ya mipango ya 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kubomoa na kabla ya kujenga, na kugeuza nyumba ya familia moja kuwa fleti ni mabadiliko ya matumizi, inatangazwa na majirani wana haki ya kupinga. Juu ya hapo kuna NEMA, mamlaka ya mazingira, na mradi lazima usajiliwe na NCA, mamlaka ya ujenzi, mkandarasi pia awe amesajiliwa. Mwenye gorofa isiyo na kibali analala macho wazi, leo kanjo, watu wa kaunti, wanapita bila kusema, kesho wanapiga X nyekundu ya kubomolewa ukutani, na benki haiwezi kukopesha juu ya hiyo nyumba. Jirani kutobomolewa hakuwapi nyinyi kibali.

Na hata kibali kikipatikana bado kuna ardhi yenyewe na mabomba yaliyo ndani yake. Hapa naomba umwite kaka yako asome pia.

Ule udongo mweusi niliokutajia unakunywa maji wakati wa mvua unafura, jua la Januari likija unakauka, unasinyaa na kupasuka mpaka mkono unaingia kwenye ufa. Nyumba ya zamani iliwekwa kwa msingi uliopangiwa uzito wake, imekaa hapo karibu miaka hamsini na imeshatulia. Ukijenga kitu kipya ukaunganisha, au ukachimba msingi wa gorofa tano futi chache kutoka kwa ukuta wa jirani, vitu viwili vinasonga kwa kasi tofauti. Nenda uangalie extension yoyote ya Buruburu pale ukuta mpya unapokutana na wa zamani, utaona ufa unaoteremka kutoka juu, umezibwa na simiti, umepakwa rangi, na umefunguka tena. Nimeziona nyingi na ukiuliza wenyewe wanakwambia ni mvua ya mwaka huu. Kama huo ufa ni mwembamba kama nywele na haukui, sawa. Kama unaingiza sarafu, umekata diagonali kutoka kona ya dirisha, au mlango umeanza kukwama, mwiteni injinia wa miundo wiki hiyo hiyo, si fundi. Na kama nyumba yenu imeshikana ukuta na ya jirani, kubomoa yenu ni kumvua jirani upande mmoja, bila makubaliano ya maandishi na ripoti ya injinia msiguse tofali. Sote tunakumbuka Huruma, Aprili 2016, jengo la gorofa lilianguka usiku wa mvua na zaidi ya watu 40 wakafa. Halikuanguka kwa bahati mbaya tu, gorofa bila msingi na bila usimamizi hufika hapo.

Halafu maji taka. Bomba la koti yenu lilipimwa kwa hesabu ya familia moja kwa kila nyumba, tuseme watu sita au saba. Gorofa tano zenye nyumba mbili mbili, hata ukiweka watu wanne kila moja, ni 40 kwenye ploti moja, na bomba halijapanuka. Bomba la maji taka halisukumwi na pampu, linategemea mteremko, na tambarare ya Eastlands mteremko ni mdogo, kwa hivyo likijaa linarudi, na linarudi kwa nyumba iliyo chini zaidi. Ukiona manholi ya koti imeinua kifuniko asubuhi wakati kila mtu anaoga hapo bomba limefika mwisho. Ongeza uwanja wote umewekwa simiti, maji ya mvua ambayo zamani yaliingia kwenye nyasi sasa yanakimbilia barabarani na mengine watu wameyaelekeza kwenye sewa, ndiyo maana mvua ya Aprili inaleta harufu Buruburu nzima. Developa atakuwa ameshauza sehemu yake akaenda. Mama ndiye atakuwa anaishi na hiyo manholi.

Kwa hivyo mfanye nini? Kwanza, na hii inaamua mengine yote, hakuna kati yenu anayeweza kusaini kitu na developa saa hii. Nyumba ni ya marehemu. Mpaka mahakama itoe barua za usimamizi na zithibitishwe, jambo ambalo kwa kawaida linasubiri miezi sita baada ya barua kutolewa, kaka akipokea hata deposit ni kuingilia mali ya marehemu, na Sheria ya Urithi inahesabu hiyo kuwa kosa la jinai. Na kama mzee hakuacha wosia, mama ana haki ya kuishi humo na kuitumia maisha yake yote kabla ya watoto kugawana. Kama majina kwenye hati yalikuwa mawili, ya mzee na mama kwa umiliki wa pamoja (joint tenancy), basi nyumba tayari ni ya mama na mazungumzo yote yanaanza na kuishia kwake. Yeye kukataa si kizuizi cha kuzungukwa, ndilo jibu la mwenye haki.

Mkishapita hapo, mimi ningeanza na kukarabati. Vigae vilivyovunjika, mbao za paa, nyaya za stima ambazo pengine ni zile za kwanza kabisa, mabomba ya chuma yaliyoota kutu. Ni pesa lakini nyumba imara yenye hati safi ndani ya Buruburu, karibu na Outer Ring na dakika chache kwa gari kutoka taoni bila jam, haikosi thamani. Kama mama anahitaji mapato, SQ inaweza kutengenezwa vizuri ipangishwe, kwa kibali, chini tu bila gorofa, na hapo mzigo wa sewa hauzidi sana. Kuuza si dhambi pia, ila uzeni mkiwa mmekubaliana na karatasi zimekamilika, nyumba yenye urithi haujaisha watu huinunua kwa bei ya kutupa.

Ile ya fleti, sisemi haiwezekani kabisa mahali popote Buruburu, zile ploti zilizo mbele ya barabara kubwa zina hadithi yake. Lakini ndani ya koti, ploti moja, gorofa tano, naona faida inaenda kwa developa na hatari inabaki kwenu. Mkisisitiza kuongea naye mwambieni alete kwanza ripoti ya udongo, barua ya kampuni ya maji kuhusu uwezo wa bomba, na kibali cha kaunti kwa jina la mradi, na makubaliano yaseme kila fleti itasajiliwa chini ya Sheria ya Sectional Properties ya 2020, ile ya kumpa kila mwenye fleti hati yake, na hati ya ardhi haiwekwi rehani kwa mkopo wake. Developa wa kweli hizi karatasi hazimsumbui. Akianza kusema mambo ya baadaye, mmemjua.

Kwa mwandiko siwezi kuona hati yenu wala ukuta wenu, kwa hivyo kuna watu lazima muwaone ana kwa ana. Fanyeni search rasmi, yaani kuangalia rekodi ya nyumba kwenye rejista, kwa mtandao wa Ardhisasa au mwende Ardhi House wenyewe na nakala ya hati na kitambulisho, muangalie jina, lizi, na ile sehemu ya tatu ya madeni. Kisha wakili wa urithi, wenu wenyewe, si yule developa anawaletea. Injinia kama kuna nyufa za aina niliyosema. Na kabla ya hao wote kaeni na mama, nyote, kaka akiwepo, mumuulize yeye anataka kuishi vipi miaka inayokuja, kama ngazi zinamsumbua, kama anaogopa usiku, kama pesa ya rates inamlemea. Mara nyingi mtoto anayetaka gorofa anatafuta tu njia ya mama kuwa na kitu cha kila mwezi, na hilo linaweza kupatikana bila kubomoa. Search ikitoka na jina msilolijua au caution, yaani kizuizi kilichowekwa na mtu kwenye rejista, ambayo hakuna anayeielewa, simamisheni kila kitu siku hiyo na mpeleke kwa wakili kabla ya kumwambia mtu yeyote wa nje.